Mzee aliyeufagia msitu

Nilimkuta amesimama kando ya uzio, reki begani, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Siku tatu kabla nilikuwa nimempigia simu kumwarifu kwamba nakuja kufanya ukaguzi wa kwanza wa mkataba wake, ule wa kulipwa ili autunze msitu wake. Katika siku hizo tatu, yeye na vibarua wawili walikuwa wameufagia msitu. Sisemi kwa mfano. Majani makavu yalikuwa yamekusanywa na kuchomwa. Matawi yaliyoanguka yalifungwa mizigo mizigo. Magogo yaliyolala pale miaka nenda miaka rudi, yale yenye uyoga ubavuni na njia za mchwa ndani, yalikuwa yamekokotwa hadi nje na kupangwa kama kuni za kuuza. Hata miti miwili iliyokuwa imekauka ikiwa imesimama ilikuwa chini, imekatwa, "isije ikamwangukia mgeni wangu."

"Karibu, mwanangu," akasema. "Ona mwenyewe. Nitafutie gugu hata moja."

Gugu halikuwepo kweli. Nilizunguka hekta zile 12 nikisikia viatu vyangu vikigonga udongo mtupu, sauti ambayo msituni huwa huisikii. Fomu niliyobeba ilikuwa na safu ya magugu vamizi, safu ya hali ya uzio, safu ya mifugo kuingia au kutoingia, safu ya miche michanga ya miti ya asili. Haikuwa na neno lolote juu ya magogo, majani makavu wala miti iliyokauka. Kwa mizani ya karatasi ile, mzee alipata alama za juu kuliko mtu yeyote niliyemtembelea mwaka ule. Nikasaini. Akalipwa pesa yake yote.

Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa sababu alikuwa ametudanganya. Alifanya kilekile tulichomlipa akifanye, tena akaongeza juu kwa moyo mweupe. Mjinga alikuwa mimi na fomu yangu.

Kazi yangu, kwa miaka mingi sasa, ni kupita kwenye ardhi za watu. Mwenye ardhi anapotaka kulipwa ili kipande chake cha msitu, cha nyasi au cha kinamasi kibaki katika hali yake ya asili, mimi ndiye ninayekwenda kwanza kuangalia pana nini. Tunakubaliana kipi kifanyike na kipi kisifanyike, kisha narudi kila mwaka. Natembea na utepe wa kupimia, fremu ya mbao ya mita moja kwa mita moja ya kuhesabia mimea midogo, kamera, na vigingi vya chuma ninavyovipigilia ardhini ili mwakani nipige picha nikiwa nimesimama palepale, nikitazama kulekule. Ukiniuliza chombo chenye thamani kuliko vyote, nitakwambia vigingi. Mimi na mwenye shamba tunaweza kubishana siku nzima kama kichaka kimeongezeka au kimepungua. Picha mbili zikiwekwa pamoja, ubishi unakwisha na chai inaendelea.

Lakini kigingi nacho hakionyeshi usichokitazama. Baada ya msitu ule uliofagiwa nilirudi kusoma mambo ambayo nilipaswa kuyajua kabla ya kupewa kalamu. Katika misitu ya Ulaya, watafiti hukadiria kwamba karibu robo ya spishi zote za msituni hutegemea mti uliokufa kwa namna moja au nyingine: kuvu wanaouozesha, mbawakawa wanaokula kuvu, vigogota wanaokula mbawakawa, popo na bundi wanaorithi mashimo ya vigogota. Australia, wanyama wenye uti wa mgongo wapatao spishi 300 hutumia mashimo ya miti, na shimo linalomfaa bundi au posamu mkubwa, mnyama wa huko anayeishi mitini, linaweza kuchukua zaidi ya miaka 100 kujiunda. Ile miti miwili mikavu ya mzee ilikatwa kwa asubuhi moja.

Jimbo la Victoria, hukohuko Australia, mpango wao wa kuwalipa wenye ardhi ulioanza kwa majaribio mwaka 2001 na kuitwa BushTender ulikuja na kipimo walichokiita hekta za makazi, yaani makazi ya mimea na wanyama wa porini. Kipimo hicho kinahesabu miti mikubwa, mimea ya chini, magugu, miche inayochipukia, na pia magogo na matandazo ya majani makavu. Magogo yana alama zake! Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu. Kumbe wenzetu waligundua mapema kwamba mtu ukimlipa kwa orodha atakuletea orodha, na kama gogo halimo kwenye orodha, gogo ni takataka.

Tukaibadilisha fomu. Haikuwa rahisi; kila safu mpya ni saa nyingine ya kazi kwa mkaguzi, na walio juu yangu walitaka ukaguzi wa watu watano kwa siku. Sasa natembelea wawili, siku nzuri watatu.

Jambo la pili nilifundishwa na mama mmoja mjane, na alinifundisha kwa swali moja. Nilikuwa nimekaa naye barazani nikimsomea rasimu ya mkataba: hutakata, hutachoma, hutalima, hutaingiza mifugo katika miezi hii na hii. Akanisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza kwa upole kabisa, "Sasa, baba, mnanilipa nisifanye nini?"

Nikaanza kumsomea tena. Akanikatiza. "Nimesikia. Kukata, sijakata tangu marehemu aondoke. Kulima kule hakulimiki, ni mawe matupu. Ng'ombe sina. Nauliza, mnanilipa nisifanye nini?"

Nilifunga faili. Ukweli ni kwamba orodha yetu ya mwaka ule ilijaa watu kama yeye. Wa kwanza kujitokeza walikuwa wenye miteremko mikali, mabonde ya mawe, vipande vya mbali visivyo na barabara. Na kwa nini wasijitokeze? Walikuwa wanalipwa kwa kitu ambacho kingetokea hata bila sisi. Wale wenye ardhi tambarare kando ya mto, ambako trekta lingeweza kuingia kesho, waliangalia kiwango chetu wakatucheka.

Costa Rica walikutana na fundo hilohilo. Sheria yao ya misitu ya mwaka 1996 ilitambua kwamba msitu unatoa huduma nne: kushika kaboni, kulinda maji, kuhifadhi bioanuwai na mandhari ya kupendeza. Mwaka uliofuata wakaanza kuwalipa wenye misitu, sehemu kubwa ya pesa ikitoka kwenye kodi ya mafuta ya magari. Dunia nzima ikaenda kujifunza kwao, na ni haki yao, kwa kuwa msitu uliokuwa umeteketea vibaya kufikia miaka ya 1980 leo unafunika zaidi ya nusu ya nchi. Lakini watafiti walipochambua miaka ya mwanzo ya malipo, wengi waliona kwamba yaliangukia zaidi kwenye ardhi isiyokuwa katika hatari kubwa ya kufyekwa, na sheria hiyohiyo ilikuwa imekwisha kupiga marufuku kugeuza msitu kuwa kitu kingine. Ni lipi lililofanya kazi, katazo au pesa? Baadaye walirekebisha vigezo ili pesa iende zaidi mahali penye uhitaji. Sioni aibu yoyote katika hilo. Ninachokiona ni kwamba swali la yule mama linapaswa kuandikwa juu kabisa ya kila fomu.

Jibu lililonyooka kuliko yote niliyowahi kuyaona lilitoka Uganda. Katika wilaya za Hoima na Kibaale watafiti walichukua vijiji 121, wakavigawa kwa bahati nasibu, na katika vijiji 60 wenye misitu wakaahidiwa shilingi za Uganda 70,000 kwa hekta kwa mwaka wakiacha kukata. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: kwa miaka miwili, vijiji visivyolipwa vilipoteza asilimia 9.1 ya miti yao, vilivyolipwa asilimia 4.2. Walioingia kwenye mpango walikuwa kama theluthi moja tu ya waliostahili, na bado tofauti ilikuwa hiyo. Pale msitu ulikuwa unakatwa kweli, kila mwaka, na mwenye nao alikuwa na sababu ya kukata: karo, ugonjwa, deni. Pesa ilikutana na shoka uso kwa uso.

Na yule mama? Hatukumwacha. Mawe yake yalikuwa yameanza kuvamiwa na mmea wa kigeni wenye miiba, ulioletwa zamani kuwa ua wa bustani ukakimbia. Tukaandika mkataba mwingine, wa kufanya badala ya kutofanya: kung'oa miiba ile, sehemu baada ya sehemu, kuanzia mahali palipo pazima kwenda mahali palipoharibika. Watu wengi huanzia palipo pabaya zaidi, na huko ndiko pesa inakomalizikia bila kuonekana. Alikuwa na wajukuu, pesa ikaingia mifukoni mwao, na mwaka wa tatu niliiweka fremu yangu nikahesabu mimea 11 ya asili mahali ambapo hapo mwanzo palikuwa na miwili.

Kuna kosa jingine ambalo nalisimulia haraka kwa kuwa bado linaniuma. Kipande kimoja cha nyasi za asili tulikizungushia uzio, ng'ombe nje kabisa, mwaka mzima. Mwaka wa kwanza nyasi zilistawi, picha ya kigingi ilipendeza, nikapongezwa. Mwaka wa nne nilipiga magoti na fremu nikakuta nyasi ndefu tupu, zimelaliana kama godoro, na chini yake giza. Maua madogo yaliyokuwa fahari ya mahali pale, yale yanayohitaji jua na udongo ulio wazi kidogo, yalikuwa yametoweka. Nyasi zile zilikua pamoja na wanyama wanaokula nyasi kwa maelfu ya miaka. Nilipomwondoa mlaji nilidhani nazilinda. Mwenye shamba alikuwa ameniambia tangu siku ya kwanza, "Bila ng'ombe hapa patakufa," nami nikadhani anatafuta malisho. Sasa mikataba ya nyasi tunaiandika kwa miezi na idadi ya mifugo, si kwa kufuli.

Naye huyo huyo, ng'ombe wake alikuwa amewahamishia wapi miaka yote ile? Ukingoni mwa kijito, upande usiokuwa kwenye mkataba. Nilipopita huko kingo zilikuwa zimebomoka, maji yamekuwa tope. Watafiti wa Uganda walitafuta dalili kwamba watu wamehamishia shoka msitu wa jirani na hawakuziona. Mimi sikuwa na bahati hiyo. Tangu hapo, kabla ya kuandika chochote, naomba kutembezwa shamba zima, hata sehemu isiyonihusu. Wengine hukasirika. Nawaambia nataka kujua ng'ombe watalala wapi.

Juu ya pesa yenyewe, nimesikia watu wa mijini wakibishana kama kumlipa mtu atunze asili ni kuiuza asili. Barazani kwa watu sijawahi kulisikia swali hilo. Ninachoulizwa ni, "Inaingia lini?" Na hapo tumewahi kuaibika. Mwaka mmoja malipo yalikwama ofisini miezi mitano, mara sahihi imekosekana, mara bajeti haijafunguliwa. Mtu mmoja aliyekuwa ametimiza kila sharti alinipigia simu mara sita. Ya saba hakupiga. Nilipokwenda nilikuta miti minane mikubwa imeuzwa mbao. Alinitazama machoni akasema, "Ninyi mlichelewa, mtoto hakuchelewa kufukuzwa shule." Kimkataba alikuwa amevunja sharti na nilipaswa kumwondoa. Niliandika taarifa yenye kurasa mbili, ya kwanza juu ya miti, ya pili juu yetu. Alibakizwa, kwa onyo.

Ndiyo maana nawaheshimu sana waliobuni mpango wa Kitengela nchini Kenya, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Kuanzia mwaka 2000, familia za huko zililipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili zisizungushie ardhi uzio, nyumbu na pundamilia wapite, huku zikiendelea kulisha mifugo yao. Kiwango si kikubwa. Lakini pesa iligawanywa mara tatu kwa mwaka, ikafuata mihula ya shule. Aliyepanga hivyo alikuwa amewahi kukaa na mzazi siku ya kufungua shule, au alikuwa mzazi mwenyewe.

Viwango navyo ni kitendawili. Tulijaribu mnada wa bahasha, ule wa mtindo wa Victoria: kila mwenye ardhi anaandika atafanya nini na anataka kiasi gani, anafunga bahasha, kisha tunachagua zile zinazoleta makazi mengi kwa pesa ndogo. Kihesabu ni jambo zuri. Hatulipi zaidi ya inavyohitajika, na kila mtu anajitajia bei yake. Lakini nilikuwepo chumbani bahasha zikifunguliwa. Mwenye shamba kubwa, aliyekuja na mhasibu wake, alitaja bei ya kushtua. Yule mama wa mawe aliandika gharama ya glavu, mapanga matatu na nauli ya wajukuu, basi. Kazi yao wenyewe hakuihesabu. Mfumo ulimpenda sana, ukampa alichoomba, senti kwa senti. Wenzangu wakasema mnada umefanikiwa. Mimi nilitoka nje kuvuta hewa. Tunamlipa kidogo zaidi anayeipenda ardhi zaidi, na tunaita ufanisi. Sijapata jibu la jambo hili. Nilichofanya ni kidogo: mwaka uliofuata tuliweka kiwango cha chini ambacho hakuna bahasha inayolipwa pungufu yake, na kabla ya kufunga bahasha naketi na kila mtu kuhesabu siku zake za kazi kwa sauti.

Halafu mkataba unaisha. Marekani wana mpango wa mwaka 1985 unaowalipa wakulima kuacha ardhi dhaifu ipumzike chini ya nyasi kwa miaka 10 hadi 15. Mwaka 2007 ulifikia karibu ekari milioni 37. Bei ya nafaka ikapanda, bajeti nayo ikabanwa, mikataba ikaisha, na chini ya miaka 10 baadaye zilikuwa zimebaki kama milioni 24. Ndege waliokuwa wamerudi kuzaa kwenye nyasi zile hawakusoma tarehe ya mwisho. Nami nimeshuhudia kwa udogo wake: kijana aliyerithi shamba kutoka kwa babake aliniambia kwa adabu kwamba hatasaini tena, akanikaribisha chakula, na wiki mbili baadaye trekta likapita juu ya vigingi vyangu. Alikuwa na haki. Miaka 10 tulikodi, hatukununua. Kinachonisumbua ni kwamba katika miaka yote 10 nilizungumza na baba tu; kijana alikuwa ananifungulia geti na mimi nampungia mkono.

Siku hizi naomba vijana waje tunapohesabu. Wanashika upande mmoja wa utepe.

Mzee wa reki bado yuko kwenye mkataba, huu ni wa pili. Mwaka uliofuata ule ufagio nilirudi kwake nikiwa na fomu mpya na maneno ya kuomba radhi, na nilimweleza habari za magogo kuanzia kuvu hadi bundi. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mgonjwa wa akili. "Yaani pesa mtanipa kwa uchafu?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akawaita wale vibarua, na magogo ambayo alikuwa bado hajayauza yakarudishwa msituni, moja moja, kwa mkokoteni. Niliwaomba wasiyapange. Hilo ndilo lililomshinda kabisa. Alipogeuka nikamwona anasogeza gogo moja kwa mguu likae sambamba na mwenzake.

Mwezi uliopita, alfajiri, simu ikalia. Upepo wa usiku ulikuwa umeangusha mti mkubwa wa katikati, ule wenye shimo juu.

"Nimeuacha ulale hapohapo," akasema. "Sijaugusa. Ila umeangukia njia yangu ya kwenda kisimani. Mkataba unasemaje, nizunguke?"

Nikamwambia azunguke. Kimya kidogo, nikamsikia akihesabu kwa midomo, hatua za kuzunguka.

"Basi ukija," akasema, "na hizo hatua uziandike."